Mwenye Ng'ombe Hakuulizwa

Naikumbuka siku moja ya masika, mwaka 2013, nilipokunywa chai ya rangi sokoni Kasulu huku mji mzima ukicheka. Chai ya rangi si adhabu, mwanangu; wapo waipendao. Lakini mimi nimeuza vitenge katika kibanda kile tangu mama yako anatambaa, na asubuhi zote hizo chai yangu imekuwa ya maziwa. Siku hiyo maziwa hayakuja. Jana yake hayakuja, na juzi yake. Sote pale tulikuwa na kicheko vinywani, hata hapakuwa na aliyeuliza yamekwama wapi.

Sogea karibu nikusimulie. Nakuona unavyocheka na simu yako, na kucheka si dhambi. Mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka. Marehemu babu yako alisema ndicho kilichomfanya arudi kibandani kwetu kununua kitambaa asichokihitaji. Lakini liko jambo nililoambiwa na shangazi yangu nikiwa msichana, nikaja kulielewa vizuri nikiwa na mvi, nami nisingependa na wewe ungoje mvi.

Tulichokuwa tukikicheka ni hiki. Palikuwa na bwana mmoja aitwaye Festo, afisa wa mradi wa ng'ombe wa maziwa. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa mbali, na watu wa Nyakitonto, Kitanga na Munanila waliahidiwa mitamba. Wakaambiwa wajenge mabanda na wapande majani ya malisho. Wakajenga, wakapanda, majani yakakua mpaka yakazeeka, ng'ombe hawakuonekana. Kila walipouliza waliambiwa, "Wako njiani." Na Festo alikuwa mtu wa kupendeza, usidhani alikuwa na uso wa mwizi. Shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, kila mtu anamsalimia kwa jina lake. Akikutana na wazee wa Kiha anawaamkia kwa lugha yao "Mwakeye" kabla hawajamfikia. Akija sokoni kwetu ananiamkia "Shikamoo mama" na kuniuliza habari za miguu yangu. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumdai kitu.

Siku zikaenda, wafadhili wakatuma habari kwamba wanakuja kuwaona ng'ombe wao. Hapo ndipo Festo alipomwendea Melkiori.

Melkiori alikuwa mfugaji aliyekaa nje kidogo ya mji. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, na uraia aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa na ng'ombe watatu wa chotara, mali yake yote ya duniani. Mkubwa wao aliitwa Bihogo, kwa rangi yake ya udongo mwekundu. Mkewe Dafroza ndiye aliyetuletea maziwa sokoni kila asubuhi, dumu kichwani, mwavuli mkononi. Festo akamwambia Melkiori kwamba kuna maonyesho: wageni wanataka kuona ng'ombe bora wa wilaya wanafananaje, basi awaazime hao watatu kwa siku moja, usafiri juu ya mradi. Melkiori alifurahi. Dafroza aliniambia baadaye kuwa mumewe aliwaosha ng'ombe kwa sabuni ya kufulia mpaka wakang'aa, akasema, "Leo na mimi nimehesabiwa."

Wageni wakaanzia Nyakitonto. Wakawakuta ng'ombe wamefungwa kwenye banda jipya la mama mmoja, Bi Skolastika, ambaye Festo alikuwa amemwambia ashike kamba ya Bihogo na atabasamu, wake halisi atamletea karibuni. Akapigwa picha. Mgeni mmoja mwanamke akampenda Bihogo, akamlisha majani ya mahindi kwa mkono wake. Kisha wakaitwa kula wali na kuku, ngoma zikapigwa, na wakati wageni wanapiga makofi, ng'ombe walipandishwa kwenye lori la Fuso nyuma ya shule, Melkiori, aliyeambiwa maonyesho yanaendelea mbele, akapanda pamoja nao, wakatangulia Kitanga. Kule mtu mwingine akashika kamba ileile, picha zikapigwa, chakula kikaliwa. Mambo yote sawa.

Kutoka hapo kwenda Munanila mvua ikanyesha. Wewe unazijua barabara zetu za vilimani wakati wa masika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na siku hiyo ilikuwa na utelezi pia. Fuso likakwama kwenye mteremko, magurudumu yakila udongo, na kabla halijanasuliwa, magari ya wageni yakafika nyuma yake. Bihogo akatoa kichwa juu ya bodi kuangalia nani anapiga honi. Yule mama mgeni akashuka kwenye matope na viatu vyake vyeupe, akamtazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Lakini huyu ni rafiki yangu wa asubuhi!"

Mwandishi wa redio alikuwa katika gari la pili.

Sasa ujue kwamba kiko kitabu cha zamani cha kuchekesha, wengi wa rika langu tulikisoma, ndani yake mna mtu anaitwa Bwana Mashamsham. Bwana huyo alitaka kuwaonyesha wakwe zake kwamba ni tajiri, akaazima ng'ombe wa jirani na kusema ni wake. Jioni ilipofika, karamu ikiwa imenoga, ng'ombe wakashika njia ya kwao kama kawaida yao. Baba mkwe akadhani wanakwenda kwenye zizi la pili la mkwewe, akawafuata na fimbo yake kwa maringo, mpaka akajikuta nyumbani kwa jirani, kati ya watoto wa watu wanaokula viazi, akiwasifia utajiri wa binti yake. Kitabu hicho kiliwachekesha watu mpaka wakashika mbavu.

Basi redio ilipotangaza habari ya Fuso, wasikilizaji wakapiga simu mmoja baada ya mwingine: "Jamani, huyu si Bwana Mashamsham?" Jina likamwingia Festo kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa chake. Jirani yangu sokoni, Hamisi fundi redio, akawa anaigiza kila asubuhi: anakuwa Fuso, anakuwa Bihogo, anakuwa mama mgeni kwenye matope. Watu wakaacha kununua nyanya wakaja kumtazama. Magazeti yalipofika na basi, habari ilikuwa imo, na Hamisi akaisoma kwa sauti akiwa amesimama juu ya kreti la soda.

Mwisho wa habari palikuwa na maneno mawili matatu ambayo kila msomaji aliyapita haraka: kwamba ng'ombe wanashikiliwa kituo cha polisi pamoja na mtu mmoja kwa uchunguzi.

Ndipo nikarudi kwenye kikombe changu cha chai ya rangi. Nilipiga funda moja, nikamuuliza Hamisi, "Dafroza yuko wapi siku hizi?" Akajibu, huku bado anafuta machozi ya kicheko, "Mama, si ndiye mke wa yule mchunga ng'ombe wa Mashamsham? Yuko huko kituoni."

Watu wakacheka tena, maana hata hilo lilikuwa la kuchekesha. Mimi sikuweza. Nilimkumbuka shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Munanila na akafia huko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye ng'ombe wake mwenyewe tangu alipofiwa na mume, na hakuogopa mtu. Shule zikifungwa nilipelekwa kwake nikasaidie kazi. Mwaka mmoja nilikwenda na kile kitabu cha Bwana Mashamsham, jalada limekwisha chanika, nikamsomea mchana mmoja tukipukuchua maharage uani. Yeye hakusoma, lakini alipenda kusikiliza. Nilipofika pale baba mkwe anapowafuata ng'ombe, nilicheka nikashindwa kuendelea. Wanawake wa jirani waliokuja kutusaidia wakacheka, mmoja akamwaga ungo wa maharage. Shangazi akacheka pia. Kisha akauliza, "Na mwenye ng'ombe?"

Nikamuuliza, "Mwenye ng'ombe gani, shangazi?"

"Yule jirani aliyewaazima. Alirudishiwa wote? Wazima? Kitabu kinasemaje?"

Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine. Kitabu hakikusema. Sura iliyofuata ilikuwa tayari inaanza kichekesho kingine. Nikamwambia hakijaandikwa.

Shangazi akaendelea kupukuchua. Kumbe marehemu mumewe aliwahi kumwazima mtu ng'ombe kwa sherehe, akarudishiwa amevunjika mguu, na kijiji kizima kikamkumbuka yule aliyeazima kwa vituko vyake vya siku ile, wala hakuna aliyekuja kuwapa pole. Akaniambia maneno haya, nami nayaweka hapa kama alivyoyasema: "Kicheko ni kama pombe ya ndizi, mwanangu. Kikombe cha kwanza kinakuchangamsha. Ukiongeza, unasahau ulikuja kwa nani. Wewe umecheka hadi machozi, na mtu aliyepoteza umempita mlangoni kwake hukumwona."

Nilinuna, nakwambia kweli. Niliona ameniharibia kitabu. Nikakifunga nisimsomee tena likizo ile, naye hakunibembeleza.

Asubuhi ile sokoni nilimwachia binti wa jirani kibanda, nikajifunga khanga, nikaenda kituoni.

Nilimkuta Dafroza nyuma ya jengo, amekaa kwenye tofali kando ya ua wa miti ambamo ng'ombe wake walikuwa wamefungwa. Walikuwa wamesimama kwenye tope mpaka kwenye kwato. Alikuwa amewaletea migomba iliyokatwakatwa na ndoo ya maji. Bihogo hakula. Alisimama amepanua miguu ya nyuma, kiwele kimevimba na kung'aa kama ngozi ya ngoma.

"Mbona humkamui?" nikamuuliza.

Dafroza akaelekeza kwa kidevu askari aliyekuwa zamu. Kijana yule alikuwa na aibu ya kweli usoni. Akasema, "Mama, majani ruhusa, maji ruhusa. Kukamua hapana. Hawa ni vielelezo vya kesi. Kielelezo hakiguswi mpaka amri itoke."

Dafroza akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, "Mama, wewe umenyonyesha, unajua. Mtoto akilala njaa mbali nawe na maziwa yamejaa, unajua inavyokuwa. Na ndama wake yuko nyumbani analia."

Nikamuuliza habari za mumewe. Hapo ndipo nikasikia lile ambalo redio ililisema mara moja tu na haikulirudia. Festo alikuwa ameandikisha kwamba mradi ulileta mitamba yote kama ilivyoahidiwa, na kwamba Melkiori ndiye aliyekabidhiwa kuwatunza. Eti Melkiori akawauza, akabakiza hawa watatu, kisha akawa anawazungusha vijijini ili kuficha wizi wake. Na nani angebisha? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtu mwenye lafudhi ya ng'ambo, akutwe juu ya lori na ng'ombe, aseme ni wake. Na mwenye kalamu mbili aseme si wake. Melkiori alikuwa ndani.

Nikaomba kumwona mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mzima, amechoka, mezani pake pamejaa karatasi na kikombe cha chai, nayo ya rangi. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikasema, "Afande, nina swali moja dogo. Wale ng'ombe ni wa nani?"

"Ni vielelezo, mama."

"Kabla hawajawa vielelezo walikuwa wa nani?"

Akavua miwani. "Hilo ndilo ninalolitafuta. Bwana Festo anasema ni wa mradi. Melkiori anasema ni wake. Nikimpa Melkiori na kesho ikathibitika ni wa mradi, nitajibu mimi. Nimetuma vijana Nyakitonto wakatafute mtu aniambie kama mradi uliwahi kupeleka ng'ombe kule kabla ya siku ile. Kijiji kizima kinasema siku hiyo kilikuwa shambani."

"Na maziwa, afande? Nayo ni kielelezo?"

Akatabasamu, akataka kucheka, kisha nikaona kicheko kinamkauka. Akainuka, tukaenda nyuma pamoja, akamtazama Bihogo kwa muda. Akamwambia yule askari kijana, "Akamue. Usimame hapa uangalie, lakini akamue." Dafroza alipiga magoti kwenye tope hata hakukunja kitenge. Maziwa ya kwanza yalitoka na mabonge, na damu ndani yake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hii niliisema maisha yangu yote, siku hiyo niliiona ikidondoka kwenye ndoo.

Kesho yake mimi na Dafroza tulipanda gari la Nyakitonto. Bi Skolastika tulimkuta kwake anachambua mboga. Alipomwona Dafroza alijua tumefuata nini. Akatukaribisha viti, akatupa maji ya kunywa, na macho yake hakuyainua. Banda lake lilikuwa zuri, mwanangu. Nguzo zimenyooka, hori limesakafiwa, majani ya malisho yamesimama nyuma yake kama mtama. Na ndani hamna kitu.

Nikamweleza. Akakataa. Hakukataa kwa ubaya, alikataa kama mtu anayeogopa moto.

"Mama, mimi nilishika kamba," alisema. "Nilisimama pale nikatabasamu kama mwenye ng'ombe. Unajua wanangu wanaitwaje shuleni sasa? Watoto wa Mashamsham. Mume wangu hatoki tena jioni kwenda kukaa na wenzake. Nikienda kusema kituoni, redio itanitaja jina. Nitachekwa mpaka Kibondo."

Hapo ndipo nilipoona jambo lote lilivyokaa. Festo hakuwa na haja ya kumtisha mtu yeyote. Sisi tuliokuwa sokoni, na wale waliopiga simu redioni, na Hamisi juu ya kreti lake, ndio tuliowafunga midomo mashahidi. Kila aliyejua ukweli alikuwa ndani ya kichekesho, na nani anataka kusimama aseme, "Hata mimi nilikuwemo"?

Nikamsimulia Skolastika habari ya shangazi na kitabu. Sikumshurutisha. Dafroza alikuwa anatazama hori lile tupu. Skolastika akamuuliza Dafroza, "Yule Bihogo, bado anatoa maziwa?"

Dafroza akamwambia kweli: chuchu mbili zimeharibika, mbili labda zitapona.

Skolastika akainuka. Akanawa miguu, akabadili kitenge, akamwachia binti yake mboga, tukaondoka naye.

Alieleza kituoni kila kitu, na jinsi alivyotabasamu alieleza. Aliposema, yule aliyeshika kamba Kitanga naye akaja, kwa sababu wa kwanza akishavuka mto, wa pili huuliza maji yana kina gani. Melkiori akatoka. Ng'ombe akarudishiwa, ila si wote: mdogo wao alikuwa ameanguka kwenye ua ule wiki ileile, hakuinuka tena. Nilikwenda kumpa pole kwake. Alikuwa anamkanda Bihogo kiwele kwa maji ya moto na chumvi. Nikamwambia, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na wewe yako umepewa. Akanishukuru kwa adabu, akasema, "Nimepewa, mama. Imefika imepungua." Maziwa ya sokoni yakarudi, nusu dumu.

Festo akafukuzwa kazi. Kesi yake ikaahirishwa, ikaahirishwa, wageni wa picha walikuwa wamekwisha rudi kwao, mwisho ikafutwa. Watu wa vijiji vile hawakupata mitamba kwa mradi huo, wala mwingine.

Ningeweza kuishia hapo, lakini yaliyofuata ndiyo hasa yaliyonifanya nikuite hapa.

Mwaka 2015, wakati wa kutafuta wagombea, Festo alirudi akitaka udiwani. Nawe ulikuwa hapa, ingawa ulikuwa mdogo. Unajua alirudi vipi? Alirudi akiwa mtu wa kupendwa. Lile jina tulilompa kumwaibisha lilikuwa limemsafisha. Alipanda jukwaani pale uwanjani, akainua mikono, akasema, "Mimi ndiye Mashamsham wenu!" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hamisi ndiye aliyekodisha vipaza sauti siku hiyo. Festo akaigiza Fuso, akamwigiza Bihogo, vizuri kuliko Hamisi mwenyewe. Akasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Watu wakapiga makofi. Mtu anayeweza kujicheka, walisema, hawezi kuwa mbaya.

Wakaruhusu maswali. Nikaona mwanamke anainuka upande wa kulia, polepole, akishika bega la aliyekaa mbele yake. Skolastika. Alikuwa amekuja kwa miguu sehemu ya njia, kwa kuwa gari liliharibika.

"Mimi sina swali," alisema. "Nina neno. Banda ulilotuambia tujenge bado ninalo, nafugia kuku. Hilo nimekwisha kulisamehe. Lakini Melkiori alilala ndani kwa neno lako. Ulisema ameiba. Umesimama hapa umetuchekesha na Fuso na matope na viatu vya mgeni, na hilo hukulisema. Liseme."

Festo akatabasamu, akajipangusa uso kwa leso, akajaribu njia anayoijua: "Mama yangu, usihofu, ng'ombe wako bado wako njiani!"

Mmoja akacheka kule nyuma. Akajisikia yuko peke yake, akanyamaza. Hakuna mwingine aliyecheka. Festo akamwashiria Hamisi apige muziki, na Hamisi, ambaye vyombo ni vyake na kidole kilikuwa juu ya kitufe, hakubonyeza. Alikuwa anamtazama Skolastika. Festo akashuka, akaingia garini.

Hakupitishwa. Sisemi ni kwa sababu ya maneno yale. Wenye kura wana siri zao. Melkiori mwenyewe hakuwepo uwanjani, alikuwa anakata majani. Dafroza alipomsimulia aliuliza tu, "Skolastika alisema hivyo mbele ya watu?" akakaa chini hapohapo kwenye majani, panga mkononi, asiinuke mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

Sasa sikia nasaha yangu, uishike kwa mkono wa kulia. Dunia itakuletea vichekesho kila siku, na mikononi una simu inayovibeba haraka kuliko Fuso. Cheka. Mtu asiyecheka moyo wake huota kutu. Lakini mtu akiliza watu halafu wewe ukampa jina la kuchekesha, usidhani umemwadhibu; pengine umempa nguo ya kujifichia. Kabla hujawatumia wenzako kicheko, tafuta nani ndani ya habari hiyo hajatajwa jina. Ukimpata, nenda kwake kama njia iko, mpe pole, msikilize. Akiwa mgeni, nenda upesi zaidi. Na ikitokea siku moja wewe ndiye uliyeshika kamba na kutabasamu, usiogope kusimama ukasema. Aibu ya kusema inauma kama sindano, aibu ya kunyamaza inauma kama jino bovu, na wewe ndiye utakayelala nalo.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye kicheko na mlango usiofungiwa jirani. Akuepushe na ulimi mtamu usio na haki, akupe macho ya kumwona mtu aliyekaa pembeni. Riziki yako ije nzima, isije imepungua, na ukila usile peke yako. Amina, mwanangu. Haya, nenda kaoge, giza linaingia.